Kila Anayelala Ndani Akae Mezani

Nyinyi mnaoendelea ofisini mmeniomba niandike, tena mkasisitiza niandike mambo ya maana. Basi niwaonye mapema: cheo changu cha mwisho sikumbuki kiliandikwaje pale mlangoni, na mshahara nilikuwa nauona ukipita tu. Nilichokuwa nacho miaka yote ile ni kiti kimoja, simu moja, na watu waliokaribia kuuziwa nyumba zao na benki. Hao nawakumbuka mmoja mmoja. Kazi yenu ni ile ile, viti tu ndivyo vimebadilika, na hivi vya sasa vinaumiza mgongo.

Nilitoka Tanga nikiwa karani wa benki, nikafika Toronto nikiwa mkunja mashuka wa hoteli. Silalamiki, mashuka yalinifundisha kunyamaza na kumaliza kazi. Halafu nikasikia kuna ofisi Scarborough, vyumba viwili juu ya duka la miwani, inayosaidia watu walioshindwa kulipia nyumba, inatafuta mtu anayejua Kiswahili na anayeelewa mikopo. Nikaazima koti, nikaenda.

Aliyenipokea ni Anti Filo, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa mpiga taipu huko kabla wazazi wake hawajamleta Kanada. Kiswahili chake alikiokota jikoni na sokoni, na tangu hapo hakukiongeza wala kukipunguza. Siku hiyo hiyo ya kwanza aliingia mama mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa barua za benki, hata moja haijafunguliwa. Mama akaanza kulia. Nami nikavuta kiti karibu, nikamshika mkono, pole mama, pole sana, Mungu yupo. Anti Filo akanitazama juu ya miwani.

“Wewe Mwanaidi, keti kule,” akaniambia. “Pole hapana lipa benki. Barua kwanza. Kulia baadaye, mimi ngoja.”

Akachukua kisu chake cha kufungulia barua, akapasua bahasha zote, akazipanga kwa tarehe sakafuni maana meza haikutosha. Barua ya tatu kutoka mwisho ndiyo iliyokuwa na neno. Benki ilikuwa tayari kumsogezea malipo ya miezi mitatu, alichotakiwa ni kupiga simu tu, na muda wa kupiga ulikuwa umepita. Anti Filo akapiga hivyo hivyo, kwa Kiingereza chake cha shule ya masista, na baada ya saa nzima ya kubembeleza na kutisha, muda ukarudi. Akamgeukia yule mama. “Haya, sasa lia.” Mama hakuwa na haja tena. Akaomba chai.

Niseme jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui mpaka limewafika. Hapa jimboni Ontario, benki mara nyingi hainyang'anyi nyumba ikaifanya yake. Inaiuza, inajilipa deni na gharama za mawakili, na kinachobaki, kama kipo, ni cha mwenye nyumba. Kabla ya kuuza inaleta notisi, na notisi ile ina siku zake, kwa kawaida thelathini na tano. Ukilipa malimbikizo na gharama ndani ya siku hizo, mogeji yako, yaani mkopo wa nyumba, inarudi pale ilipokuwa. Mimi nimekula mshahara kwa ajili ya siku hizo thelathini na tano. Afadhali mtu aje kabla hazijaanza, lakini watu wetu huja zikiwa zimebaki tisa, na wanakuja wamevaa vizuri kana kwamba wamealikwa.

Njia zenyewe si siri. Benki inaweza kurefusha miaka ya mkopo, inaweza kupunguza malipo kwa muda, inaweza kuchukua malimbikizo na kuyaingiza ndani ya deni kubwa. Kama kinachomkaba mtu ni kadi na mikopo midogo, kuna wasimamizi wa madeni wenye leseni wanaoweza kupatana na wadai wake. Anaweza kuuza nyumba mwenyewe kabla hajauziwa. Ipo pia njia ya kukopa kwa mtu binafsi ili kuilipa benki. Hiyo nilikuwa naieleza mwisho kabisa, na kwa sauti ndogo. Benki haina haja ya jiko lako, inataka kuona fedha zitatoka wapi mwezi ujao. Ukiweza kuionyesha hilo kwa karatasi, inasikiliza.

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Alikuja mzee mmoja, mtu wa heshima zake, muuza vipuri. Tulipanga naye vizuri, benki ikakubali alipe malimbikizo kwa mafungu matatu. Wakati wa kuondoka akaniambia, “Mwanangu, mambo haya mama asiyajue. Ana presha.” Nami nikaitikia, ndiyo baba. Nani Mtanga atamkatalia mzee? Akatunza lile fungu la kwanza kwenye kabati. Mkewe akafiwa na mama yake huko nyumbani, akafungua kabati, akakuta fedha, akamshukuru Mungu, akakata tiketi. Kosa lake hapo ni lipi? Hakujua. Fungu likakosekana, benki ikaona imechezewa, na mwezi uliofuata nyumba ikauzwa. Yule mama alirudi kutoka kuzika akakuta vitu vyake kwenye maboksi.

Niliumia vibaya sana, wala sitawadanganya kwamba yaliisha. Nilimwambia Anti Filo nataka kurudi kwenye mashuka. Hakunigombeza. Alisema, “Nyumba moja, siri mbili. Hiyo hapana simama.” Kisha akanipa faili jingine.

Tangu hapo nikajiwekea sharti moja, na ndilo mlilokuwa mkinicheka nalo mkiliita baraza la Mwanaidi. Sishiki kesi mpaka nimeketi kwenye meza ya nyumba yenyewe, na kila anayelala ndani amekaa mezani. Si mume peke yake, wala si mke anayenong'ona kwenye simu akiwa chooni. Meneja mmoja aliniambia nauli za mabasi zinaliwa bure. Nilimjibu kwamba nauli inarudi, nyumba hairudi. Hakunipenda sana baada ya hapo, na mimi nililala vizuri.

Si kila nyumba ilipaswa kubaki, mlijue hilo pia. Kule Thornhill nilikuwa na Bi Sakina, mjane, Shia, wa kwetu Tanga, ambaye marehemu mumewe aliacha duka lenye madeni na nyumba ya vyumba vitano. Wanawe walitaka apigane mpaka mwisho, kwa sababu majirani wote wanajuana kutoka kituo cha dini na watu watasema. Tulikaa mezani, tukapiga hesabu, haikukubali hata tukiigeuza. Wanawe wakanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye benki. Bi Sakina akafunga daftari.

“Mwanangu, mimi nimeshazika mume,” akasema, “siwezi kushindwa kuzika nyumba.”

Akaiuza mwenyewe, kwa bei yake, kwa muda wake, akamaliza madeni, akahamia fleti ndogo, na kikabaki cha kutosha kuishi bila kumwomba mtu. Nilipokutana naye baadaye alinishika mkono mbele ya wanawake wenzake, akasema kwa sauti wamsikie wote, “Mimi nimeuza. Sikuuziwa.” Nimeona watu wakihitimu shahada wasiwe na uso ule.

Ya mwisho ninayotaka kuwaachia ni ya Brampton, miaka hii ya karibuni riba ilipopanda na watu wakaanza kupokea barua za kuhuisha mogeji kwa riba mpya wakadhani benki imekosea tarakimu.

Aliyenipigia ni Festo, Mhaya wa Bukoba, mfanyakazi wa ghala moja la mizigo, ambaye saa zake za kazi zilikuwa zimepunguzwa. Mkewe Stela, Mama Neema, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Walikuwa na notisi mkononi na siku kumi na saba zilikuwa zimeshapita. Nilikwenda Jumamosi mchana, treni na mabasi mawili, theluji mpaka kwenye goti. Mama Neema alikuwa amepika kama kuna sherehe. Nikamwambia nitakula baadaye, kwanza nataka kujua nani analala humu.

“Mimi, mke wangu, Neema na mdogo wake,” Festo akasema.

“Na yale mabuti makubwa pale mlangoni, namba kumi na mbili yale? Ya Neema?”

Wakatazamana. “Ah, ya shemeji hayo,” Festo akasema. “Deo, mdogo wake mama. Yeye yuko chini ya nyumba, besimenti. Anaendesha malori ya masafa marefu, amerudi safari jana.”

“Mwiteni.”

“Bi Mwanaidi, Deo hahusiki,” akaingilia Mama Neema. “Yeye hana habari kabisa.”

“Analala humu?”

“Analala.”

“Basi anahusika.”

Nikawauliza kodi anayolipa. Festo akanitazama kama nimemtukana mbele ya wakwe. “Nimtoze shemeji yangu kodi? Bukoba wakisikia nitaweka wapi uso?” Miaka sita Deo alikuwa chini pale. Alikuwa analeta nyama, anawavisha watoto Krismasi, akirudi safari anakuta sahani yake mezani, lakini kodi hakuna aliyewahi kuitamka, yeye wala wao. Na mwezi ule mbaya kuliko yote, Festo, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtu, alilipa ahadi yake ya mchango kwanza, benki baadaye. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ahadi ilisomwa mbele ya watu. Sikumcheka, maana hata mimi ningelipa.

Deo akapanda, jitu la watu, limevaa soksi, akanisalimu shikamoo na kuketi. Nikamsomea notisi yote kwa Kiswahili, taratibu. Alipofungua mdomo hakuniuliza mimi.

“Tangu lini, dada?”

“Mwezi wa tano,” Mama Neema akajibu.

“Mwezi wa saba nilikuwa na siku yangu ya kuzaliwa. Mlininunulia mbuzi mzima.”

“Ulikuwa umetoka safari.”

“Kumbe mimi ni mgeni hapa?”

“Wewe ni mdogo wangu, Deo. Mama aliniambia nikutunze.”

“Alikuambia unitunze,” Deo akasema. “Hakukuambia unifiche.”

Festo akakohoa, akasema mwanamume hatangazi nyumba yake ikivuja. Hapo nikashindwa kujizuia. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” nikamwambia. “Nyinyi jembe mmelikalia miaka sita, sasa mnashangaa shamba limekuwa pori.”

Deo alikuwa na akiba, ikatosha sehemu nzuri ya malimbikizo. Mtu mwingine angeona yamekwisha. Lakini benki ingeuliza swali lake la siku zote, na mwezi ujao je? Tulihitaji kodi ya besimenti, na kodi ya mdomoni haina thamani kule. Nikauliza kama besimenti imesajiliwa na manispaa kupangishwa. Imesajiliwa, aliyewauzia nyumba alikuwa mtu makini, Mungu ambariki. Basi nikatoa fomu ya mkataba wa upangaji, mwenye nyumba Festo na Stela, mpangaji Deogratias.

Wakati natafuta kalamu, Festo akatoa mfukoni karatasi nyingine, imekunjwa nne. Bwana mmoja wa mikopo ya binafsi alikuwa amemwahidi fedha Jumatatu, asaini tu. Nikaisoma. Ada ya kufungua, ada ya dalali, riba ya kukutoa jasho, na baada ya mwaka mmoja deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Ingewapa mwaka, kisha ingewamaliza. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba wangu, na Festo hakuiomba tena.

Aliyekataa kusaini mkataba ni Mama Neema. Alisimama, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

“Nimwandikishe mdogo wangu wa tumbo moja mkataba, kama mtu niliyemwokota barabarani? Bora iuzwe.”

Deo hakubishana naye. Alivuta fomu, akasaini jina lake lote, polepole, akamsukumia Festo. Festo akasaini. Ikabaki nafasi moja tupu, na sisi watatu tukawa tunasikiliza maji ya bomba.

“Mama Neema,” nikamwambia, “karatasi hii hamwandikiani nyinyi. Anaandikiwa kijana mmoja wa benki ambaye hajui kama nyinyi mna tumbo moja. Huyo ukimwambia udugu, hana kisanduku cha kuandika udugu.”

Alifuta mikono. Alisaini bila kukaa, akaenda chumbani, akafunga mlango. Tulikula bila yeye, na chakula kilikuwa kitamu, jambo lililofanya hali iwe mbaya zaidi.

Kazi iliyobaki ni ile mnayoijua. Barua ya kueleza kilichotokea, ukurasa mmoja, bila sala na bila matusi. Stakabadhi za mishahara. Mkataba. Uthibitisho kwamba kodi ya kwanza imeingia benki, si mkononi. Nikampata kijana wa benki mwenye adabu, ambaye kila niliposema shemeji aliandika mpangaji, nami nikamwacha. Nilimpigia kila siku saa tatu asubuhi. Mkitaka kujua siri yangu ya kazini, ndiyo hiyo: nilikuwa kero, lakini kero yenye faili lililokamilika.

Lakini Mama Neema alinipigia siku ya ishirini na sita ya notisi, yuko kwenye basi anakwenda kazini. Kodi ilikuwa imeingia tarehe moja, ameiona kwenye simu yake, jina la mdogo wake na kiasi, kama mshahara wa mtu. Tangu siku hiyo alikuwa hawezi kukaa naye meza moja. Akimpikia, anampa Neema sahani aishushe chini. Deo naye anaosha sahani, anaiweka kwake, hapandi.

“Nikimtazama naona amelipia,” akaniambia. “Nitamwambia nini mama, kwamba mwanao anakula kwangu kwa risiti?”

Nimejaza fomu za kila namna katika maisha yangu, na hiyo haikuwa na fomu. Nikamwambia tuokoe kwanza paa. Nilipokata simu nilijiuliza kama ninaiokoa nyumba kwa kuvunja waliomo.

Siku ya thelathini na moja kijana wa benki akanipigia yeye, ambalo ni jambo la nadra. Wamekubali. Akiba ya Deo inapokelewa, malimbikizo yaliyobaki yanaingia ndani ya mkopo, miaka inarefushwa, notisi inaondolewa. Nikamwomba aniandikie, nikangoja mpaka barua ikaonekana kwenye kompyuta, nikaisoma mara mbili. Ndipo nikaruhusu moyo ufurahi. Najivunia siku ile, nalisema wazi. Kuna watu wamejenga madaraja na wakapigwa picha. Mimi nimewaacha watu wakiwa ndani ya nyumba zao, na ukipita nje huwezi kuona tofauti yoyote, na ndivyo inavyotakiwa.

Nikampigia Festo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikasikia sufuria na televisheni ya watoto. Nilipomwambia alianza kusema ahsante, hakuimaliza, akampa mkewe simu.

“Imepona?” Mama Neema akauliza.

“Imepona. Barua ninayo hapa.”

Akashusha pumzi ndefu. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

“Sasa Bi Mwanaidi, nimpigie nani? Nataka kumwambia mtu. Kanisani hawajui, kazini hawajui, nyumbani nimewaambia kila siku hatujambo. Nyumba imepona na hakuna aliyejua inaumwa.”

“Yupo aliyejua,” nikamwambia.

Nikasikia televisheni inazimwa, nyayo zake, kisha mlango wa besimenti ukifunguliwa. Alisahau kwamba simu bado iko mkononi mwake.

“Deo,” akaita. “Deo, panda ule.”

Kutoka chini ikaja sauti nzito, ya mtu asiyekuwa na uhakika kama amesikia vizuri. “Nije na sahani yangu?”

“Acha huko,” Mama Neema akasema. “Sahani zako ziko huku juu.”